Daftari la Courtadon

Mama alinirithisha daftari, si gari.
Jalada la ngozi, pembe zimeguguniwa na panya,
na ndani miandiko ya makarani watatu.
Wa mwisho ni babu, Théodule:
herufi zimelala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo.

Ukurasa wa kwanza, mwaka sabini na nne wa karne ya kumi na tisa.
Anselme Courtadon, seremala wa Levallois, nje kidogo ya Paris,
amepokea faranga arobaini kwa gari la farasi la daktari.
Gurudumu moja. Ekseli moja.
"Farasi hakuwa na kosa," ameandika karani,
na huo ndio utani pekee katika miaka thelathini.

Kisha farasi wanatoweka.
Hakuna aliyewaaga. Siku moja tu
shayiri haimo tena kwenye safu ya matumizi,
na mahali pake pameandikwa: petroli.

Wateja sasa walileta mifupa.
Injini, fremu, magurudumu manne,
usukani umesimama peke yake hewani.
"Mvisheni huyu," walisema, kama mtu kwa mshonaji.
Na kweli walipimwa: paja la Bi Hortense de Brézolles,
urefu wa kofia ya Bwana Iscovescu, tajiri wa Bukaresti,
ambaye hakuivua hata mlangoni pa kanisa.
Paa likainuliwa vidole vinne. Kofia ikalipa.

Mbao zilitoka milima ya Vosges, nyeupe, nyepesi, kaidi.
Samaki hukunjwa angali mbichi;
mbao hukunjwa ingali ikifuka mvuke,
wanaume wanne wakining'inia nayo, wakitukana kwa zamu.

Juu ya mbao, bati.
Évariste Pruvot, mpiga bati, alikuwa kiziwi kwa nyundo zake mwenyewe
kabla hajatimiza miaka thelathini.
Alisikia kwa kiganja.
Alikitelezesha juu ya madigadi, macho kayafumba,
akasimama mahali ambapo sisi wenye macho hatuoni kitu.
Hapa.
Nyundo ilishuka mara moja tu.

Rangi: tabaka kumi na nane.
Sakafu ilimwagiwa maji, vumbi lisiamke.
Wapaka rangi walivua sweta, uzi wa sufu usije ukadondoka.
"Januari. Makaa ya chumba cha rangi, magunia sita.
Makaa ya ofisi, hakuna."
Hapo mwandiko wa babu unatetemeka, nami namwona
akipulizia vidole ili aandike namba tisa.

Halafu Juni ya mwaka arobaini: ukurasa mtupu.
Julai: majeneza mia mbili na kumi.
Mbao ileile ya Vosges. Haikuhitaji kukunjwa.

Amani ilipokuja, ilikuja na kodi ya injini kubwa,
ikaja na viwanda ambamo magari
yalizaliwa na ngozi yao tayari mwilini.
Nani atamtafuta mshonaji?
Bi Hortense alituma kadi ya Krismasi.
Iscovescu hakutuma kitu; wanasema hata kofia walimnyang'anya.
Bandu bandu: kwanza mashine ya kukata, kisha ghala,
kisha Évariste, aliyekabidhiwa saa ya mezani
ambayo hakuweza kuisikia ikilia.

Mimi nauza bima ya magari, Nanterre.
Kutwa naandika: bampa limebonyea, mlango umechunika, badilisha.
Hakuna anayesema, rekebisha.
Jioni nafungua ukurasa wa mwisho.

Machi, mwaka hamsini na tatu.
Gari la Bwana Gaspard Lhuillier, mwoka mikate.
Rafu sita, rangi ya krimu.
Mteja ameomba tabaka tatu. Amelipia tatu.
Zimepakwa kumi na nane.

Chini yake babu ameandika: "Hasara, tabaka kumi na tano,"
akapiga mstari kwa rula,
mara mbili,
umenyooka kabisa.